Mikono Tu, Nilisema

Nilichomoa waya wa skrini ukutani mbele ya watu wote, na ningeuchomoa tena leo.

Nilikuwa nimesimama risepsheni ya senta, mwanangu mdogo ndani ya kigari analia meno, mkubwa ananing'inia kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nimeshamweleza meneja, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba picha inayopita kwenye skrini juu ya kichwa chake ni ya mwanamke ambaye hakutaka uso wake utoke, na kwamba nataka iondolewe sasa hivi. Alinisikiliza kichwa kaegemeza upande, kama mtu aliyekwenda kumtazama mgonjwa. Kisha akafungua droo, akanipa kipeperushi. Juu kimechorwa mlango uliofunguliwa kidogo. Ndani kuna maelezo ya pa kukimbilia kama mume anakupiga.

"Mpelekee," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mwambie hayuko peke yake."

"Nani kakwambia anapigwa?"

"Sijasema anapigwa. Nauliza tu kama yuko salama nyumbani kwake."

Hapo skrini ikageuka. Inazungusha matangazo ya senta: mazoezi ya wazee, Kiingereza cha wageni, halafu darasa letu la kutengeneza tovuti. Likaja darasa letu, na bi harusi niliyempaka hina akatokea mkubwa kama mlango, nywele wazi, mabega wazi, kanga kifuani, anacheka. Watu kwenye foleni wakanyanyua macho. Mwanaume mmoja aliyekuja kuulizia ukumbi akatabasamu.

Meneja naye akageuka kuitazama picha. "Lakini amependeza," akasema. "Cha kuonea haya kiko wapi?"

Nikaacha kigari, nikazunguka meza yake, nikainama, nikauvuta ule waya. Skrini ikawa nyeusi.

"Huwezi kufanya hivyo!"

"Nimeshafanya."

Kwenye foleni alikuwepo mwenzangu wa darasani, mama wa Kikongo anayesafisha maofisi. Akapiga kofi moja kubwa lililoshtua hata mwanangu akanyamaza. "Ee! Hawa banatuzarau sana," akasema. "Uzime na taa, mama!"

Sikuzima taa. Kipeperushi nilikiweka juu ya meza ya meneja, nikachukua watoto wangu, nikatoka.

Sasa nieleze, maana nimeshasikia inasimuliwa vingine. Nimesikia kwamba ni mambo ya dini. Nimesikia kwamba sikuelewa somo.

Mie kazi yangu ni hina. Nilimaliza kidato cha nne Unguja, nikaolewa, nikaja London, nikazaa wawili, na katika hayo yote kitu ambacho ni changu mwenyewe ni huu mkono wangu usiotetemeka. Nawapaka maharusi hina na piko, ile rangi nyeusi. Nikiitwa Kilburn nakwenda, nikiitwa Tottenham nakwenda, na koni zangu za hina kwenye mkoba na mtoto mgongoni. Zamani mama ya bi harusi alikuwa anauliza wenzake nani anapaka vizuri, wanataja jina langu, basi. Siku hizi bi harusi aliyezaliwa hapa hamuulizi mtu, anataka kuona kwenye simu. Ndiyo maana nilipoona kwenye ubao wa nasari ya mwanangu tangazo la kozi ya bure, akina mama wajifunze kutengeneza tovuti zao wenyewe, nilijiandikisha siku ile ile. Senta iko Stratford, kwangu basi moja. Na walikuwa na chumba cha watoto.

Kuna jambo moja ambalo asiyekaa na sisi halijui. Siku ya kupakwa hina wanaume hawaingii, na simu haziingii. Kweli kabisa, haziingii. Mlangoni anakaa somo wa bi harusi, yaani yule mama anayemfunda, na kapu lake mapajani. Kila anayeingia anavua viatu, anavua buibui, anatia simu kapuni. Uwe daktari, uwe mwanasheria, unatia simu. Ndani humo wanawake wanafungua nywele, wanavaa wanavyotaka, wanacheza mpaka jasho linawatoka, kwa sababu wanajua hakuna jicho lingine.

Simu moja tu haiingii kapuni, na hiyo ni ya mpakaji. Anaachiwa ili apige picha ya kazi yake kabla haijafutika. Hiyo ni amana, na hakuna karatasi ya kutia saini. Somo anakutazama usoni, unamtazama, simu inapita. Ukiivunja amana hiyo mara moja, hakuna mlango utakaofunguliwa tena, si Kilburn, si Tottenham, na hata nyumbani Unguja habari itafika kabla hujapanda ndege.

Bi harusi huyu nilimpaka kwa shangazi yake Kilburn. Maua ya hina kutoka kwenye kucha, mistari ya piko kama lesi mpaka kwenye viwiko. Sijawahi kupaka vizuri vile. Hina ilipokauka aliinua mikono yake mpaka chini ya kidevu, akaanza kucheka, nami nikapiga picha pale pale kabla hajaishusha.

"Uso umo?" akaniuliza.

"Umo. Nitaukata."

"Ukate kweli, dada. Mikono toa popote utakapo, mie nataka watu waione. Uso usitoke."

"Sitoi hata unyusi wako."

Somo akasema kutoka mlangoni, "Tumesikia sote."

Mwalimu wetu ni kijana wa Kiingereza, mpole, ana haraka kila wakati. Siku ya somo la picha alituambia picha haibandikwi kwenye ukurasa kama stempu kwenye barua. Unaandika mstari mmoja. Ndani ya mabano yenye pembe unaanza na img, halafu src, yaani picha inakaa wapi, halafu alt, yaani maneno ya kusomewa mtu asiyeona, au ya kumtokea mtu ambaye picha imegoma kufunguka kwake. Ukurasa wenyewe hauna picha, alisema. Ukurasa unatuma tu: nenda kwenye folda lile, kaniletee faili lile. Nililisikia hilo kwa masikio yangu. Sikujua lina uzito gani.

Picha yangu mwanzo ilikataa. Pakatokea kijisanduku kilichochanika pembe na maneno yangu pembeni yake.

"Yako imekufa?" mwenzangu Mkongo akauliza.

"Imekufa."

"Na yangu. Basi tuzike pamoja."

Kumbe simu yangu imeliandika jina la faili kwa herufi kubwa na mie nimeliandika kwa ndogo, na kompyuta haina huruma kwenye mambo hayo. Nikarekebisha, picha ikafunguka. Kwenye alt nikaandika: mikono ya bi harusi, maua ya hina, na piko mpaka kwenye kiwiko.

Mwalimu akapita, akasoma. "Hii ungeiweka kwa Kiingereza, watu waelewe."

"Watu gani?"

"Watu wote."

"Wateja wangu wanaelewa. Na kipofu wa Kizanzibari naye ana haki yake."

Akacheka, akasema sawa. Nasema haya ili ijulikane kwamba hatukuwa na ugomvi. Nilimpenda mwalimu yule. Hakuwa akituita wapenzi wala kuzungumza nasi kama watoto.

Ndipo nikamwambia lile jambo. Nilimgeuzia skrini nusu, ili asione zaidi ya anachopaswa, nikamwambia: "Nataka mikono tu. Uso usionekane. Nataka niukate."

Akainama juu ya bega langu, akaandika mistari mitatu haraka haraka. Akaizungushia picha sanduku, akaliambia sanduku lifiche kila kinachozidi. Picha ikapanda juu, uso ukapotea, ikabaki mikono peke yake, imekaa katikati ya ukurasa kama nilivyoiota.

"Uso umeondoka?"

"Umeondoka."

"Kabisa? Hakuna atakayeuona?"

"Hakuna. Na hata hivyo kurasa hizi ni za darasani tu, haziko nje."

Niliuliza mara mbili. Sijui mtu anatakiwa aulize mara ngapi.

Kilichotokea ni hiki, na mtoto wangu wa nasari anakielewa nikimweleza. Yale maneno hayakukata kitu. Yaliifunika picha. Ile picha nzima, na nywele, na mabega, na kicheko, ilikuwa imelala kwenye folda la senta vile vile kama ilivyotoka kwenye simu yangu. Ni kama umfunike mtu kanga halafu utoke nje uwaambie watu kaondoka. Mtu yumo ndani, anasubiri wa kumfunua. Na kwenye folda lile alikuwa anaingia kila mfanyakazi wa senta.

Senta ilitaka tangazo jipya la kozi. Mtu wa matangazo akafungua folda letu, akatafuta picha yenye rangi. Wenzangu walikuwa wameweka keki, vitambaa, nywele za kusuka, na mmoja paka wake. Akaona mwanamke anacheka na mikono imejaa maua. Hakumuuliza mtu. Akaichukua nzima nzima, akaiweka juu kabisa kwenye tovuti yao, na kwenye skrini ya risepsheni, na pembeni akaandika kwa herufi nene kwamba wanawake wanajikomboa kwa teknolojia.

Nilijua kwa sauti ya somo. Nilikuwa namwosha mdogo, simu ikaleta ujumbe wa sauti, nikaufungua kwa kidole chenye povu.

"Shoga yangu," somo anasema, taratibu, na huyo mama akisema taratibu ujue pameharibika. "Nimeletewa kiungo na mtoto wa jirani, ati kuna kozi nzuri, tukajiandikishe. Nimefungua. Sasa mie nakuuliza kitu kimoja tu. Kapu nililishika la nini siku ile?"

Nilimvisha mtoto, nikafungua tovuti, nikaona.

Bi harusi mwenyewe alinipigia baadaye kidogo. Nilitaka kulia kabla yake, lakini hakulia, na mie nikajizuia.

"Niliukata," nikamwambia. "Wallahi nilijua nimeukata."

"Najua ulijua. Sikupigii hilo. Iondoe."

"Mumeo kaona?"

"Kaona. Kanihurumia. Dada, nisikilize. Kila mtu ananiuliza mume. Mume hana neno. Nywele ni zangu. Mie nakaa kaunta ya duka la dawa, kutwa natazamana na watu, wote wananijua kwa mtandio wangu. Leo kaja mteja, mzee wa Kiingereza, ananiambia kumbe una nywele nzuri vile. Mbele ya wenzangu wa kazini. Hakuniuliza mtu kama nataka ayajue hayo."

Hayo ndiyo niliyokwenda nayo senta. Mwanamke mzima, mwenye kazi yake, aliyeamua nani amwone na nani asimwone, na watu wengine wakaamua badala yake. Na mie katikati, mwenye simu isiyoingia kapuni.

Kwanza nilipiga simu. Wakaniambia niandike imeili. Nikaandika, nikajibiwa na mashine kwamba wamefurahi kuupata ujumbe wangu. Siku ya darasa nikamfuata mwalimu kabla wenzangu hawajakaa. Akafungua picha peke yake kwenye skrini, nje ya ukurasa wangu, na uso ukatokea. Akaufunga haraka. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Kitaalamu," akasema, "uso ulikuwepo muda wote."

"Uliniambia umeondoka."

"Nilimaanisha kwenye ukurasa."

"Nilikuuliza kama kuna atakayeuona."

"Ndiyo. Nimekosea hapo. Ungeikata kwanza kwenye simu, halafu ndiyo uipandishe. Kwa kweli hili lingefaa kuwa somo kwa darasa zima."

"Usithubutu."

Hakuthubutu. Alisema yeye hana ruhusa ya kugusa tovuti ya senta wala skrini, mwenye ruhusa ni mtu wa matangazo, na mtu wa matangazo yuko likizo, nimwone meneja. Nikamwona meneja. Mengine nimeshayasema.

Baada ya ule waya, barua yao haikuchelewa. Kumbe wanajua kuandika haraka wakitaka. Walisema nimehatarisha usalama wa watu kwa kugusa umeme. Walisema naweza kurudi darasani nikiandika barua ya kuomba radhi kwa wafanyakazi. Kuhusu picha walisema suala linafuatiliwa. Kwenye skrini ya risepsheni walikuwa wameitoa, naona waliogopa nitarudi. Kwenye tovuti ilikuwa bado.

Mume wangu aliisoma barua ile mara mbili akiwa amesimama jikoni na koti la kazini. Ni mtu wa amani, anaogopa bahasha zote za nchi hii.

"Andika hiyo radhi yaishe, mke wangu. Mistari miwili. Tusije tukaandikwa mahali."

"Tuandikwe."

"Na chumba cha watoto wako kiko pale pale."

"Basi na watoto waone mama yao hakuomba radhi."

Akavua koti. "Mie nimesema tu."

"Na mie nimesikia tu."

Nilimpigia bi harusi nikamuuliza kama ananiruhusu kulalamika rasmi, maana ni uso wake, si wangu, na safari hii nilitaka nisikie neno lenyewe. Akasema lalamika, jina usiweke. Nikamuuliza na somo je. Akasema somo kasema atakuona ukishamaliza, si kabla. Nilijua maana yake. Tangu ujumbe ule hapakuwa na aliyeniita kupaka. Bi harusi mmoja wa Tottenham aliyekuwa ameniwekea miadi alinitumia salamu nzuri sana na dua, na kusema amepata mtu mwingine.

Sehemu yangu ya kosa nimeibeba, na nimeipeleka inakotakiwa. Nilikwenda Kilburn, nikakaa chini kwenye zulia mbele ya yule msichana, nikamwomba radhi ana kwa ana. Yeye ndiye mwenye radhi yangu. Senta hainidai radhi.

Malalamiko niliyaandika nikiwa maktaba, mdogo kalala kwenye kigari, mkubwa yuko nasari. Senta ina bodi juu yake, na bodi ina fomu, na fomu iko kwenye tovuti ile ile. Yaani ili nifike kwenye malalamiko ilinibidi nipite juu ya uso wake, nishuke, nitafute kiungo kidogo kule chini kwenye maandishi ya kijivu. Nilifunika skrini kwa kiganja mpaka nilipopita.

Niliandika kwa Kiingereza changu cha shule, bila kumpa mtu anisahihishie. Kwa Kiswahili yanasomeka hivi:

"Nalalamika kwamba mmechukua picha kutoka kwenye kazi yangu ya darasani bila kuniuliza mimi wala kumuuliza mwanamke aliyemo, mkaionyesha kwa watu wote. Nilimwambia mwalimu wenu waziwazi kwamba uso usionekane. Akaniambia umeondoka. Haukuwa umeondoka.

"Nalalamika kwamba nilipokuja kuwaambia, meneja wenu hakuniuliza picha iko wapi na iondolewe vipi. Aliniuliza kama mwanamke huyo anapigwa. Hapigwi. Mliomdhuru ni nyinyi, na kipeperushi chenu hakisemi mtu afanye nini akidhuriwa na senta.

"Kwenye fomu mmeuliza nimeathirika vipi. Kazi yangu ni kuingia kwenye vyumba ambavyo wanawake wamevua mitandio, na simu mkononi. Waliniamini. Sasa hawaniiti.

"Mmeuliza nataka nini. Nataka faili lenyewe lifutwe, lisifunikwe wala kusogezwa tu. Lifutwe kwenye tovuti, kwenye folda, kwenye skrini, na kwenye kompyuta ya mtu wa matangazo akirudi likizo. Nataka barua kwa mwanamke huyo, mnipe mimi nimpelekee, ya kusema mlichofanya bila maneno ya kuremba. Nataka kila mwanafunzi aulizwe kabla kazi yake haijachukuliwa, na siku ya kwanza ya somo la picha aambiwe kwamba kuficha si kukata.

"Waya niliuchomoa mimi. Siombi radhi. Darasa la wiki ijayo nakuja, na kama mtanizuia mlangoni, nizuieni kwa maandishi."

Nikabonyeza kutuma. Fomu ikakataa. Ikaniletea mstari mwekundu: malalamiko kuhusu picha lazima yaambatane na picha.

Nikakaa nikautazama mstari ule. Kisha nikatoa simu, nikapiga picha ya ukuta mtupu wa maktaba, nikaipandisha, na kwenye kisanduku cha maelezo nikaandika haya, ndiyo maneno ya mwisho ya malalamiko yangu, na yakaenda:

"Huu ni ukuta. Picha mnayoitaka ndiyo kosa lenyewe, na mimi siipandishi tena mahali popote, hata kwenu. Ushahidi mnao. Mkimaliza kuutazama, ufuteni."